Mnauliza, Tunajibu: Kusoma Chuo kwa Njia ya Mtandao

Barua nyingi zilizotufikia kuhusu masomo ya chuo kwa mtandao zinauliza vifaa: simu gani, bando kiasi gani, laptopu ya namna gani. Tumezijibu hapa chini. Lakini ukizisoma zote kwa pamoja unasikia kilio kingine. Mwanafunzi hajui wiki hii anatakiwa afanye nini, kazi inakusanywa lini hasa, na akikwama amuulize nani. Hayo ndiyo yanayowaangusha wengi, na ndiyo maana barua ya mhadhiri tumeipa nafasi kubwa kuliko zote.

Shikamooni. Nimepata nafasi ya kusoma shahada kwa mtandao, lakini nina simu ya Android tu. Itatosha, au nikope ninunue laptopu?
*Mwanafunzi mtarajiwa, Songea*

Marahaba. Simu itakufikisha mbali kuliko unavyodhani, ila haitakumalizia safari. Kusoma maandiko, kusikiliza mihadhara, kuchangia mijadala na kufanya majaribio ya kuchagua jibu, yote yanawezekana. Chuo chako kikitumia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, kama vyuo vingi vifanyavyo, weka programu yake ya simu badala ya kuingia kwa kivinjari. Programu hiyo inakuruhusu kupakua maandiko ya kozi ukiwa penye Wi-Fi ya bure, kisha ukayasoma nyumbani bila kutumia hata senti ya bando.

Simu inakwama mahali patatu. Kwanza ni kazi ndefu zenye majedwali, tanbihi na orodha ya marejeo. Jedwali lililotengenezwa kwenye simu mara nyingi huvurugika mhadhiri anapolifungua kwenye kompyuta. Pili ni kozi za takwimu na programu kama SPSS au R. Tatu ni mitihani inayofanyiwa ndani ya programu ya ulinzi, ile inayokuzuia kufungua kitu kingine mtihani ukiendelea. Kwa mfano, Safe Exam Browser inafanya kazi kwenye Windows, macOS na iPad, na simu ya Android haimo. Kwa hiyo kabla ya kukopa, kiulize chuo maswali mawili: mtihani wa mwisho unafanywa kwa kifaa gani, na kozi ya kwanza inayodai kompyuta iko muhula wa ngapi?

Kama ni muhula wa tatu, anza na simu. Nunua kibodi ya nje, ya Bluetooth au ya waya pamoja na kiunganishi cha OTG cha kuichomeka kwenye simu, na vipokea sauti vya masikioni vyenye maikrofoni. Hivyo viwili vitakupunguzia mateso mengi, na vitakupa muda wa kujiwekea akiba.

Siku ya kununua, laptopu iliyotumika inafaa kabisa. Tafuta yenye RAM ya GB 8, diski ya SSD ya GB 256, na kama ni ya Intel, Core i5 ya kizazi cha 8 au zaidi. Kizazi hicho ni muhimu kwa sababu Windows 11 haikubali rasmi vilivyo vya nyuma yake, na Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Usilipe kabla hujapima betri. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayotengenezwa. Humo mna namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake wa sasa ikijaa. Kama ya pili haifiki asilimia 60 ya ya kwanza, hesabu kwamba unanunua na betri mpya, na bei ishuke ipasavyo. Jaribu pia kamera, maikrofoni na kila kitufe cha kibodi, na uizime kisha uiwashe upya mbele ya muuzaji. Zipo mashine zinazodai nenosiri la kampuni iliyokuwa ikizimiliki, na nenosiri hilo hutalipata.

Bando linaniishia katikati ya wiki. Wenzangu wanasema ni Zoom. Kweli Zoom inakula kiasi hicho?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Kisumu*

Inategemea unavyoitumia, na tofauti ni kubwa mno. Kwa viwango vinavyotolewa na Zoom wenyewe, kikao cha kikundi chenye picha ya ubora wa kawaida kinahitaji takriban megabiti 1 kwa sekunde kupandisha na kilobiti 600 kushusha. Ukifanya hesabu, ni kama MB 720 kwa saa. Ukizima kamera yako, ukaficha picha za wenzako, ukabaki na sauti na slaidi tu, unahitaji kilobiti 150 hivi kwa sekunde, yaani kama MB 68 kwa saa.

Chukua kozi nne zenye kikao cha saa mbili kila wiki, kwa wiki 15. Hizo ni saa 120. Kwa picha utatumia GB 86 na ushee, na kwa sauti na slaidi GB 8. Kwa hiyo zima kamera kabla ya kuingia, na katika mipangilio ya Zoom upande wa video, zuia picha zinazoingia. Mhadhiri akidai kamera iwashwe muda wote, mwandikieni kwa pamoja mkimpa hesabu hii. Wengi hawajawahi kuifanya.

Video za YouTube ziweke kwenye ubora wa 360p. Maandishi ya slaidi yanasomeka, na 720p inakula mara kadhaa ya hapo bila kukufundisha zaidi.

Hata hivyo, mlaji mkubwa mara nyingi si darasa. Unapoiunganisha laptopu na hotspoti ya simu, laptopu inadhani imepata Wi-Fi isiyo na kikomo, basi inaanza kupakua masasisho ya Windows na kupandisha mafaili kwenye OneDrive. Bando la wiki linaweza kuondoka kwa usiku mmoja. Tiba yake ni hii: ingia kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya Wi-Fi, gusa jina la hotspoti yako, kisha washa chaguo linaloiambia kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Masasisho mengi yatasubiri. Kwenye simu, washa kiokoa data, na ndani ya WhatsApp zuia picha na video zisijipakue zenyewe unapotumia data ya simu. Kundi la darasa lenye watu mia moja linaleta video nyingi kuliko mihadhara.

Niko Muscat, nasoma chuo cha nyumbani Tanzania. Mfumo ulionyesha kazi inakusanywa Jumamosi 12:59 AM. Nimeituma Jumamosi saa tatu asubuhi, nikaambiwa nimechelewa. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Muscat*

Pole sana. Saa hiyo ilikuwa Ijumaa usiku, usiku wa kuamkia Jumamosi, saa sita na dakika 59. Mhadhiri aliweka 11:59 PM ya Ijumaa kwa saa za Afrika Mashariki. Oman iko mbele kwa saa moja, na wewe akaunti yako umeiwekea saa za Muscat, basi mfumo ukakugeuzia muda, na tarehe ikaruka siku moja mbele. Mfumo haukukosea, lakini umekutega.

Kila unapoona AM yenye 12 mbele yake, jua siku hiyo ndiyo kwanza inaingia. Ukisubiri kupambazuke, umeshachelewa. Andika tarehe ya kukusanya kwenye daftari kwa saa zetu, "Ijumaa saa 5:59 usiku, saa za Dar", na uifuate hiyo. Walioko Uingereza wana mtego wa ziada: wakati wa kiangazi wako nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa mbili, na wakati wa baridi kwa saa tatu. Saa zao hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, na darasa la moja kwa moja linahama bila mtu yeyote kulitangaza.

Kuna kosa jingine ambalo limewapotezea wengi alama, nalo halihusiani na saa. Katika Moodle, mhadhiri anaweza kuweka sharti kwamba baada ya kupakia faili, mwanafunzi abonyeze kitufe cha kuwasilisha. Usipokibonyeza, faili lipo lakini hali yake ni rasimu. Baada ya kupakia, rudi kwenye ukurasa wa kazi, soma mstari wa hali, uhakikishe unasema imewasilishwa, kisha piga picha ya skrini. Halafu fungua lile faili ulilotuma, uone ndilo. Zipo rasimu nyingi za wiki iliyopita zilizosahihishwa kwa sababu jina la faili lilifanana na la kazi iliyokamilika.

Umeme ulikatika nikiwa katikati ya mtihani. Nifanye nini siku nyingine?
*Mwanafunzi, Bukoba*

Jua kwanza jinsi mtihani wa Moodle unavyofanya kazi. Majibu yako hujihifadhi yenyewe kila dakika moja hivi, chuo kisipokuwa kimebadilisha mpangilio huo. Saa ya mtihani inahesabiwa na kompyuta ya chuo, kwa hiyo inaendelea kukimbia hata wewe ukiwa gizani. Usikae kusubiri umeme. Chukua simu, ingia kwa akaunti ileile, fungua mtihani, na utakuta kitufe cha kuendelea na jaribio uliloanza. Endelea hapohapo. Usibonyeze kitufe cha mwisho cha kuwasilisha yote kwa hofu. Ukishakibonyeza, mlango umefungwa. Chuo kikidai programu ya ulinzi, simu haitakubaliwa, kwa hiyo utaratibu wa dharura lazima uuulize wiki moja kabla.

Maswali ya insha yaandike kwanza kwenye faili la pembeni au kwenye karatasi, kama sheria za mtihani zinaruhusu, kisha uyanakili. Dakika moja ya maandishi iliyopotea inaweza kuwa aya nzima.

Tatizo likitokea, mjulishe mhadhiri papo hapo, kabla muda wa mtihani haujaisha, kwa ujumbe unaotaja saa, swali ulilofikia na kilichotokea. Ambatanisha picha ya skrini ikiwezekana. Ujumbe wa saa ileile unasikilizwa. Ule unaokuja kesho yake, baada ya alama kutoka, unazua mashaka hata kama ni wa kweli.

Kuhusu kujiandaa: pawabenki ya mAh 20,000 ina wati-saa 74 kwa maandishi, na ukitoa zinazopotea njiani, tegemea kama 45. Laptopu inayotumia wati 15 itapata saa tatu, mradi laptopu yenyewe inachajiwa kwa USB-C na pawabenki inatoa angalau wati 45. Nyingi za bei rahisi hazitoi, soma maandishi yaliyo ubavuni. Ruta ya nyumbani kwa kawaida inakula volti 12 na isiyozidi ampea 1 au 2, na kuna betri ndogo za UPS za ruta zinazoishikilia kwa saa kadhaa. Kama hivyo vyote ni ghali, hakikisha tu kwamba siku ya mtihani simu imejaa chaji na ina bando. Kwa mtihani wa saa mbili usio na picha, MB 200 ni nyingi.

Mimi ni mhadhiri. Nimehamishia kozi yangu mtandaoni, nafundisha kwa Zoom saa zilezile za ratiba, narekodi, naweka slaidi. Bado wanafunzi wanalalamika na wengine wametoweka. Wanahitaji nini kwangu?
*Mhadhiri, Morogoro*

Mwalimu, swali lako ni kubwa, na tunafurahi umeliuliza wewe mwenyewe.

Ulichohamisha ni ratiba. Darasani, mambo mengi yalikuwa yakijulikana bila kusemwa: mwanafunzi aliona wenzake wanaandika nini, akauliza jirani kazi ni ya lini, akakushika mlangoni kwa dakika mbili. Mtandaoni hayo yote yametoweka, na lisiloandikwa halipo. Kwa hiyo hitaji la kwanza ni maandishi: ukurasa mmoja wa kila wiki, wenye umbo lilelile kuanzia wiki ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa mfano:

"Wiki ya 4: Kuchagua sampuli. Jumla ya saa 8. Soma kurasa 61 hadi 78 za kitini (saa 2). Sikiliza video mbili, dakika 8 na 7. Fanya maswali 5 ya kujipima, hayana alama, rudia upendavyo. Andika mchango wako kwenye mjadala, maneno 150, kabla ya Alhamisi saa 5:59 usiku. Anza Kazi ya 2, itachukua kama saa 4, inakusanywa Ijumaa ya wiki ya 5 saa 5:59 usiku. Ukikwama, uliza kwenye ukumbi wa maswali. Ninajibu Jumatatu na Alhamisi jioni."

Hakuna jambo la ajabu hapo, lakini mwanafunzi anayerudi kutoka kazini saa mbili usiku anaona papo hapo aanzie wapi. Na liwe mahali pamoja. Ukiweka tarehe kwenye Moodle, mabadiliko ukayatangaza WhatsApp, na sharti jingine ukalisema kwa mdomo dakika ya 70 ya Zoom, umetengeneza kozi tatu. Kundi la WhatsApp litumike kukumbusha tu, kwa kiungo kinachorudi kwenye ukurasa wa wiki.

Kuhusu rekodi: mhadhara wa saa mbili uliorekodiwa hautazamwi. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichapisha uchambuzi wa mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi walifungua video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakakuta kwamba hata video iwe ndefu vipi, muda wa kati ambao mwanafunzi aliitazama haukuzidi dakika 6. Kata somo lako vipande vya dakika 6 hadi 10, kila kimoja dhana moja, na kipe jina linaloeleza kilichomo. "Mhadhara wa 4 sehemu B" halimsaidii mtu anayerudia usiku wa kuamkia mtihani. "Jinsi ya kupata ukubwa wa sampuli" linamsaidia. Toa pia sauti peke yake. Itasikilizwa kwenye daladala, na ni ndogo.

Kikao cha moja kwa moja usikiue, kipunguze. Dakika 45 zinatosha, na ziwe za maswali na kufanya mazoezi pamoja, kwa kuwa maelezo wameshayapata kwenye video. Usitoe alama za mahudhurio. Alama hizo zinapima mnara wa simu ulio karibu na mwanafunzi, wala hazipimi bidii yake, na kwetu sisi hilo ni suala la haki.

Sasa mafaili. Slaidi zenye picha za kamera zinafika MB 40 kwa urahisi. Punguza ukubwa wa picha, hifadhi kama PDF, na lenga MB 2. Kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa ni kibaya zaidi, kwa sababu mwanafunzi asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini kwa sauti, kama NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye simu, hasikii chochote. Kwake ni karatasi tupu. Jipime hivi: fungua PDF, weka kidole juu ya neno moja, jaribu kulichagua. Lisipochaguka, ni picha, na linahitaji kupitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi kabla hujalituma.

Mijadala yako, tunakisia, ina swali moja kwa wanafunzi 180. Watatu wa kwanza wanajibu vizuri, 177 wanaandika "nakubaliana na mwenzangu". Gawanya vikundi vya watu 6 hadi 8, na uliza swali ambalo kila mmoja ana jibu lake. Mwalimu wa uchumi anaweza kumwambia kila mwanafunzi aandike bei ya kilo ya sembe katika maduka mawili ya mtaani kwake, aeleze tofauti, kisha alinganishe na mwenzake wa mkoa mwingine. Hapo hakuna wa kunakili, na wanafunzi wanaanza kufahamiana.

Walioanza kutoweka mara nyingi wanaonekana mapema. Toa kazi ndogo wiki ya kwanza, ya nusu ukurasa, irudishe kabla ya wiki ya pili kwisha ikiwa na maoni mawili: kilichofaa, na kitu kimoja cha kurekebisha, ukitaja aya. Asiyeituma, mpigie simu au mwagize msaidizi ampigie. Ukisubiri hadi wiki ya nane, ameshaacha, na kinachobaki ni karatasi za kuahirisha masomo. Kama darasa ni kubwa na huwezi kujibu kila mmoja, jibu makosa matano yaliyojirudia kwa sauti ya dakika tano kwa wote. Wanafunzi hawadai ujibu usiku wa manane. Wanadai useme utajibu lini, na ujibu siku hiyo.

La mwisho, wape siku tatu za akiba kwa muhula, ambazo kila mmoja anaweza kuzitumia kuchelewesha kazi bila kuandika barua wala kuleta cheti cha hospitali. Utaokoa muda wako mwingi, na yule ambaye umeme umemkatikia hatalazimika kukupigia magoti.

Turnitin imenionyesha asilimia 28. Nimefeli?
*Mwanafunzi, Eldoret*

Hapana, bado hujui. Turnitin ni programu inayolinganisha kazi yako na maandishi mengine. Namba hiyo inasema yanayofanana ni kiasi gani, na inaweza kuhesabu marejeo, nukuu ulizozifungia alama, hata swali ulilolinakili juu ya kazi. Fungua ripoti yenyewe. Mistari kumi mfululizo kutoka chanzo kimoja bila alama za nukuu ni tatizo hata kama jumla ni asilimia 6. Vipande vya maneno manne manne kutoka vyanzo hamsini kwa kawaida si kitu. Rekebisha mistari, acha kuifukuza namba.

Mimi ni nesi, nina watoto wawili, na nataka kusoma shahada kwa mtandao. Nitahitaji saa ngapi kwa wiki? Kila chuo kinaniambia "inategemea".
*Mama wa Mwanza*

Dada, zipo hesabu. Katika mfumo wa sifa za vyuo vikuu vya Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kusoma, kusikiliza, kuandika, mtihani, vyote ndani. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka. Kozi moja ya krediti 12 ni saa 120. Ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 8 kwa wiki. Kozi tano kwa muhula ni saa 40, na hiyo ni ajira ya pili. Usiikubali.

Chukua kozi mbili: saa 16. Jioni tano za saa moja na nusu ni saa 7 na nusu, Jumamosi saa 4 na nusu, Jumapili saa 4. Wiki ya zamu za usiku hutazifikia, kwa hiyo ratiba ya zamu ikitoka tu, ilinganishe na kurasa za wiki za kozi zako, uvute kazi za wiki hiyo mbele. Pakua kila kitu Jumapili. Kazi ngumu, kama kuandika au hesabu, ipe saa ambayo akili bado iko macho. Kusikiliza na kusoma mara ya kwanza kunaweza kwenda na uchovu kidogo.

Kabla ya kujisajili, waulize chuo mambo mawili kwa maandishi: idadi ya chini ya kozi kwa muhula, na miaka mingi zaidi wanayoruhusu kumaliza shahada. Kama unategemea mkopo au ruhusa ya mwajiri, uliza pia kama mwanafunzi wa kozi mbili anahesabiwa. Na tafuta wenzako wawili wa kozi yako mpigiane simu kila Jumapili kwa nusu saa, kila mmoja aseme amefika wapi. Mtu aliye peke yake anaacha kimyakimya. Aliye na wawili wanaomsubiri kwenye simu huchelewa, lakini hurudi.

Binti yangu amepata chuo cha Marekani, kote kwa mtandao, na ada imepunguzwa kwa asilimia 60 akilipa wiki hii. Nilipe?
*Mzazi, Mombasa*

Usilipe wiki hii, mzee wetu. Punguzo lenye haraka ni sababu ya kungoja.

Fanya hivi. Tafuta jina la chuo, herufi kwa herufi, kwenye orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa inayotunzwa na Wizara ya Elimu ya Marekani, na kwenye ile ya CHEA, baraza la Marekani linaloshughulikia ithibati ya vyuo. Cheti cha ithibati kilicho kwenye tovuti ya chuo chenyewe si ushahidi, kwa sababu vyuo bandia huunda pia mashirika bandia ya kuvithibitisha. Kingekuwa cha Uingereza, upande wa England, ungetazama rejista ya Office for Students. Kisha iandikie Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya, CUE, uulize kama shahada hiyo, ikisomwa kwa mtandao, itatambuliwa nyumbani. Kwa Tanzania ungeiuliza TCU, na kwa Uganda NCHE. Taja programu kwa jina, kwa sababu chuo kinaweza kutambuliwa na programu fulani isitambuliwe. Kama binti analenga uuguzi, sheria, ualimu au uhandisi, kibali cha tume peke yake hakitoshi. Baraza au bodi ya taaluma hiyo nayo iulizwe, maana mafunzo ya vitendo hayafanyiki kwenye skrini.

Linganisha pia na vya karibu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kina vituo mikoani. Open University of Kenya ilipewa hati yake mwaka 2023 na makao yake yako Konza. Chuo chochote utakachokichagua, omba orodha ya malipo yote kwa maandishi: ada ya mtihani, safari ya kituo cha mtihani kama upo wa ana kwa ana, vitabu, usajili wa kila mwaka, mahafali. Na omba binti aruhusiwe kuona wiki moja ya kozi halisi kabla ya kulipa. Aangalie kama ukurasa wa wiki unamwambia afanye nini na lini, na kwenye ukumbi wa maswali atazame swali la mwisho la mwanafunzi lilijibiwa baada ya siku ngapi.